Maji Yanayopanda Musonoi

Mushiya aliweka makopo kumi na mawili ya mawese, matupu, yamepakwa rangi nyekundu, katikati ya shimo la mgodi wa Musonoi. Tangu Pasaka maji ya shimo hilo yalikuwa bahari, na chumvi yake na mawimbi yake. Wanawake waliyachota kupikia sombe, majani ya mihogo.

Kila saa alipima makopo yameachana kiasi gani.

"Maji yanayopanda hayaonekani, Mama," alimweleza mama yake, Tshiela. "Yanaenda polepole, kama unga wa mkate unavyoumuka. Lakini ya juu yakiachana, ujue ya chini yanakuja kujaza nafasi."

Picha ya setilaiti iliyofika ofisi ya mgodi ilionyesha doa la baridi hapo hapo katikati, na kipimajoto alichokishusha kwa kamba kilikubali.

"Na baba yako?"

"Kwa mwendo huu, Alhamisi."

Muamba, mume wa Tshiela, alifunikwa na udongo chini ya shimo hilo miaka minane iliyopita. Kampuni iliandika kwamba ametoroka kazi, kwa hiyo hakukuwa na matanga. Tshiela alitaka kitu kimoja: kumzika kabla hawajafukuzwa. Mwaka huu watu wenye asili ya Kasai walikuwa wanatolewa majumbani, hata waliozaliwa Kolwezi.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Muamba alitoka majini na kofia yake ya kazi, akaomba sabuni. Tshiela alimsugua mgongo vizuri, hata nyuma ya masikio.

Makaburini walidai karatasi ya kifo. Wakaenda ofisi ya kampuni wote watatu. Karani Nkulu alimtazama Muamba akichuruzika sakafuni, akafungua daftari, akalikuta neno "Ametoroka". Chini yake akaandika "Amekamatwa", akagonga muhuri.

Nje, kwenye kizuizi, vijana walikuwa wanakunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji. Mkubwa wao, Kisimba, alikuwa amevaa koti la harusi la Mushiya. Tshiela ndiye aliyemnyonyesha Kisimba huyo, mama yake alipolazwa hospitali.

"Tata, jina?" alimuuliza mzee.

"Muamba."

"Ye! Sasa hata maji inatutapikia bilulu!" Wadudu, ndivyo walivyowaita watu wenye majina ya Kasai kama hilo.

"Huyu ni mufu, Kisimba. Acha tumuzike," alisema Tshiela.

"Akazikwe kwabo."

"Kwabo wapi? Alizaliwa huku, alikufia huku."

"Mama, usituchokeshe. Gare ya treni iko kule."

Wakapandishwa behewa la wazi la kwenda Kasai, lililokuwa likibeba shaba. Siku ya nne, Muamba alianza kunuka. Abiria walisogea kidogo kumpa nafasi ya kunyoosha miguu, kisha wakaendelea kumenya mihogo yao.