Pete Iliyoanzia Mutuini

Philister alikuwa akikata sukumawiki mlangoni pake, mtaani Mutuini, redio ikisoma matangazo ya vifo, mumewe Nashon alipokohoa ndani ya redio. Nashon alikufa mwezi wa nne, yadi ya kujazia gesi ilipolipuka nyuma ya nyumba zao za kupanga. Baada ya kikohozi ukaja ule mluzi aliokuwa akipiga akinyoa ndevu. Philister akaepua sufuria iliyokuwa motoni, akaketi kumsikiliza.

Kesho yake redio ilikuwa kimya kuhusu Nashon. Alikuwa amefika kwenye redio ya jirani. Wiki iliyofuata alisikika mbali zaidi, mitaa ya Uthiru na Jamhuri, pande mbili tofauti kwa wakati mmoja, na watu wakampigia Philister simu.

"Mama Quincy, mzee amepita kwetu. Anapiga mluzi tu."

"Asanteni. Hajambo?"

"Hajambo."

Ndipo Ivyne, mwalimu wa elimu ya nyota chuo kikuu, aliyekuwa amesikia habari hizo, akaja na antena yake.

"Mama, huko juu angani kuna pete za mawimbi ya redio," alisema. "Kubwa ajabu, na macho hayazioni. Nyingi tunadhani ni nyota zilizolipuka zamani sana. Moto ulizimika, lakini ukingo wa mlipuko bado unatanuka. Ile kubwa kuliko zote tunabishania bado: wengine wanasema imetoka karibu, wengine katikati kabisa ya kundi letu la nyota."

"Na hii ya Nashon?"

"Hii haina ubishi, mama. Imeanzia pale." Akaelekeza kidole kwenye yadi.

Wakaenda pamoja kwa mwenye yadi, Ndegwa, kumweleza walichosikia. Aliwakaribisha chai. Uchunguzi, akasema, ulikwisha kuamua kwamba chanzo hakijulikani, na mluzi si ushahidi. "Lakini poleni sana," akaongeza, na alionekana kumaanisha.

Jioni hiyo Ivyne aliielekeza antena juu, kwa kuwa pete ilikuwa imeiacha ardhi, akamvisha Philister vipokea sauti vya masikioni. Kwanza akasikia mvumo mpana, wa nyota iliyokufa kabla ya mtu yeyote kuzaliwa. Ulijaza kichwa chake chote mpaka akashika ukuta. Kisha, mbali, mwembamba kama uzi, mluzi wa Nashon ukiingia ndani ya mvumo ule bila haraka.

"Amepokewa," Philister alisema, machozi yakimtiririka.

Nyuma ya ukuta lori la gesi likapiga honi. Mlinzi akalifungulia geti la yadi.