Zabuni ya Milango na Bibi Harusi Asiyeondoka

Seremala aliingia duka la shangazi yangu la kuchapa nyaraka ameshika bahasha kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa panya aliyekufa.

"Wamenirudishia," akasema. "Karani kaniuliza, hii ni zabuni ya milango ya zahanati au naoa?"

Shangazi akavaa miwani. Chini mambo yalikuwa sawa: mbao ngumu, bawaba, komeo. Lakini juu ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo za mlazo, palisomeka: Risala ya Bibi Harusi.

"Mbona niliifuta hii," akasema.

"Wanafunga kupokea saa sita leo, mama. Nikikosa, narudi kupiga randa kwenye karakana ya watu. Na mke wangu nimeshamwambia najitegemea."

Sasa, shangazi ana faili moja analiita Mama Mkuu. Kila kazi inazaliwa humo. Anafungua, anafuta ya jana, anaandika ya leo, anahifadhi kwa jina jipya. Barua ya kuacha kazi, katiba ya kikundi, tangazo la msiba, zote tumbo moja. Usimwambie kuna njia nyingine.

Akafuta maneno ya juu, akachapa. Printa ikakohoa, ikatema karatasi. Bibi harusi huyo hapo, katulia.

"Huyu haolewi akaenda kwake?" nikauliza.

"Nusu Digrii, funga mdomo."

Ndiyo jina langu pale dukani, tangu chuo kilipoanza kuendelea bila mimi. Kompyuta nilikatazwa kugusa, eti kwa sababu niliifundisha kupiga chafya kila akibonyeza herufi A.

Akafuta tena, akachapa tena. Bibi harusi tena. Seremala akaangalia saa ya ukutani, akanisogezea kiti yeye mwenyewe.

"Mwache kijana ajaribu."

"Huyu? Huyu ukimpa mwiko anakoroga maji."

"Akoroge tu, mama. Mimi sina saa sita nyingine."

Nikakaa kama rubani. "Shangazi, unachofuta ni kivuli. Mwenyewe yuko ndani." Nikafungua sehemu ya sifa za waraka, pale watu wasipochungulia. Kichwa: Risala ya Bibi Harusi. Mwandishi: Kamati ya Harusi. "Maneno ya juu programu inayachota hapa, yenyewe. Ukifuta kule, ukichapa inachota tena."

Shangazi akainama hadi miwani ikakaribia kugusa kioo. "Kwa hiyo muda wote nadeki sakafu na bomba liko wazi."

"Umesema mwenyewe."

Kidole kiliniwasha, sitaficha. Pale kwa mwandishi, Sultani wa Randa angependeza sana. Ila seremala alikuwa amesimama nyuma yangu na vumbi la mbao kwenye nyusi, kashika kiti changu. Nikamwambia anitajie jina la karakana yake. Akalitaja taratibu, kama anamtaja mtoto wake kwa mara ya kwanza. Nikaliandika vilevile. Kichwa nikaweka Zabuni ya Milango ya Zahanati, nikaiambia programu isasishe. Kurasa zote zikabadilika kwa pamoja, nikazichapa, nikanakili faili kwenye flashi yake.

"Na kwenye flashi pia," nikasema. "Karani akifungua kwake, atakukuta wewe."

Akatoka mbio, kalamu aliyoazima kwa shangazi ikiwa bado sikioni mwake.

Tukabaki tunasubiri. Shangazi akafuta meza iliyokuwa safi, akaifuta tena. Simu ilipolia akaiweka kwenye spika ili nisikie.

"Wamegonga muhuri," seremala akasema, anahema. "Karani kasema leo kajua kazi ni ya nani bila kuuliza. Anataka kujua nani kachapa."

"Mwambie ni sisi," shangazi akajibu. "Tuko hapa kila siku."

Akakata simu, akafungua Mama Mkuu, akavuta kiti chake karibu na changu.

"Nionyeshe tena pale pa mwandishi. Polepole. Na mikono yako weka mfukoni, tumia mdomo."