Choo cha Kitalu 14-K

Emmaculate Adero alikuwa na watoto wa chekechea hamsini na wawili, walimu wawili, na choo kimoja kilichojaa maji. Mvua za Aprili zilikuwa zimeupiga uwanda wa Kano wiki tatu mfululizo, mto ukapasua kingo, na kutoka Ahero mpaka Kochola, ilipokuwa shule yake, huwezi kujua shamba la mpunga linaishia wapi na barabara inaanzia wapi. Maji yalipoondoka, choo cha shule kilikuwa kimelala upande. Afisa wa afya alikuja, akachungulia mlangoni, akarudi nyuma haraka, akaandika ilani: choo kipya, kina cha futi ishirini, ndani ya siku thelathini, la sivyo shule ifungwe.

Adero hakubishana. Alikuwa karani wa posta miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu na kufungua shule, na aliheshimu karatasi yenye muhuri. Kwanza, hata yeye aliona afisa ana haki. Siku hiyohiyo akampigia simu Opondo, mchimbaji vyoo ambaye kazi yake ilijulikana hadi Maseno.

Opondo alifika Jumatatu na sururu, jembe, kamba na ndoo. Shimo lilikuwa limemfika mapajani wakati pikipiki ya naibu wa chifu iliposimama langoni. Naibu wa chifu, Bwana Ondiek, alishuka akiwa amebeba karatasi ndani ya mfuko wa nailoni.

“Mwalimu, simamisha hiyo kazi,” alisema. “Umepita futi mbili.”

“Futi mbili za nini?”

Ondiek alitoa karatasi akaisoma kwa sauti ya baraza, ingawa walikuwa watatu tu. Serikali ilikuwa imesitisha utoaji wa leseni za mafuta na gesi katika Kitalu 14-K. Kitalu hicho kilianza ufukweni mwa ziwa, kikameza Kano nzima, na Kochola ilikuwa katikati yake. Mpaka itakapotangazwa tena, ilikuwa marufuku kwa mtu yeyote kuchimba, kutoboa au kufukua ardhi ya kitalu kwa namna yoyote ile kwa kina cha zaidi ya futi mbili.

“Lakini hiyo ni ya mafuta,” Adero alisema.

“Kichwa ndicho kinasema mafuta. Mwili unasema kuchimba. Mimi natekeleza mwili.”

“Na makaburi je? Juzi si tumezika kwa kina Atieno?”

“Niliwapigia wakubwa simu. Makaburi wameruhusu kwa mdomo. Walisema kaburi ni kuweka, si kutoa.”

“Na choo, Bwana Ondiek? Choo si ni kuweka?”

Ondiek aliirudisha karatasi kwenye mfuko wake wa nailoni. Hakuwa mtu mbaya. Mjukuu wake mwenyewe alisoma hapo, na alijua hali ya choo. “Hiyo sikuuliza,” alisema mwishowe, akamwomba Opondo atoke shimoni.

Kesho yake Adero alienda mjini, mtaa wa Kondele, kwa wakili Elsie Waliaula, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na kila mara muuzaji alipojaribu injini chini, meza ya wakili ilitetemeka. Adero aliweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine. Alitegemea kuchekwa. Waliaula alisoma zote mbili hadi mwisho, akazigeuza kutazama nyuma, akavua miwani.

“Ukichimba, unashtakiwa. Usipochimba, unafungiwa. Zote mbili ni za Serikali?”

“Zote.”

“Twende kortini, Mama.”

Huko kortini walikuta mtu ametangulia. Kampuni ya Mafuta na Gesi ya Tandao, iliyokuwa imepima kitalu miaka miwili na kubaki kusubiri leseni tu, ilikuwa imeshtaki kupinga ilani ileile. Kwa kuwa ilani ilikuwa moja, jaji aliunganisha kesi zote mbili. Na kwa kuwa Adero ndiye aliyekuwa na siku thelathini, na wakati huo zilikuwa zimebaki kumi na tisa, jina lake lilitangulia. Kesi ikaandikwa: Emmaculate Adero na Mwingine dhidi ya Serikali. Huyo Mwingine ndiye aliyekuwa kampuni ya mafuta.

Mawakili wa Tandao walikuwa watano, wote kutoka Nairobi. Walimpenda Adero tangu siku ya kwanza. Mmoja alimbebea mkoba. Mwingine alimtafutia kiti chenye mto. Walimtambulisha kwa waandishi wa habari kama “mlalamishi mwenzetu”, na picha yake akiwa katikati yao ikatoka gazetini, yeye na kitenge chake cha Mothers' Union ya kanisa, wao na suti zao nyeusi.

Picha hiyo ilimuuma. Kwenye ukurasa uleule kulikuwa na picha ya Owiti, mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi, aliyekuja na wenzake kujiunga na upande wa Serikali ili ilani isiondolewe. Owiti alikuwa amesali naye kanisa moja miaka mingi. Walipokutana kwenye ngazi za korti, alivua kofia.

“Mama, hatupingi choo chako. Tunapinga yale yatakayotufuata nyuma ya choo chako. Mafuta yakimwagika mtoni, yanaishia ziwani. Samaki wetu, ngege, atakula nini?”

Usiku wa Adero ulikuwa mrefu, na asubuhi akamwambia Waliaula, “Mimi sitaki mafuta. Nataka shimo moja. Siwezi kushinda hilo peke yake?”

“Nimejaribu, Mama. Niliomba jaji akutoe wewe tu kwenye ilani. Wakili wa Serikali akasema akikutoa wewe, kesho kila mtu Kochola ataomba atolewe. Ilani ikianguka, inaanguka kwa wote.”

“Na watoto?”

“Siku zimebaki kumi na moja.”

Basi akaendelea.

Siku ya kutoa ushahidi, wakili wa Serikali, kijana mpole mwenye mafua, alimhoji kwa heshima zote.

“Mama Adero, unaweza kuihakikishia mahakama kwamba ukichimba futi ishirini hutapata mafuta?”

“Siwezi. Sijawahi kuchimba.”

“Na ukiyapata?”

“Nitahamia upande mwingine wa uwanja. Choo chenye mafuta, watoto watateleza.”

Wakili mmoja wa Tandao aliruka juu. Mafuta, alisema, hayako futi ishirini, yako kilomita mbili kwenda chini.

“Kwa hiyo mnakubali yapo?” aliuliza wakili wa Serikali.

“Hatukubali. Hiyo ni siri ya biashara.”

“Sasa yapo kilomita mbili, au hayapo kilomita mbili?”

Jaji, mama mwenye sauti ndogo, aliwaambia wote wawili wakae. Akaitwa Opondo kama mtaalamu. Alikuwa amevaa suti ya harusi yake, na alishika Biblia kwa mikono miwili.

“Umechimba vyoo vingapi?” Waliaula alimuuliza.

“Mia tatu na ushee, hapa Kano peke yake.”

“Umewahi kupata nini huko chini?”

“Maji. Mawe. Siku moja sufuria, lakini mwenyewe alikuja kuichukua.”

“Mafuta?”

“Hapana. Na ningeyapata ningesema, maana yangeharibu jembe.”

Wakili wa Serikali aliuliza kama ana leseni ya kutafuta mafuta. Opondo alisema hana. Akaulizwa, basi amejuaje kwamba miaka yote hiyo hakuwa akiyatafuta? Opondo alimgeukia jaji, uso umejaa woga wa kweli. “Mheshimiwa, nilikuwa nikitafuta?”

“Hapana, Bwana Opondo,” jaji alisema taratibu. “Unaweza kushuka.”

Hukumu ilisomwa Ijumaa, siku nane kabla ya muda wa afisa wa afya kuisha. Jaji hakusema lolote kuhusu mafuta, na kuhusu choo alisema kidogo sana. Alisema kwamba kabla ya kutoa ilani, Serikali ilipaswa kuuliza maoni ya wananchi wa Kitalu 14-K, na haikumuuliza hata mmoja. Kwa hiyo ilani ni batili. Mawakili watano wa Tandao walikumbatiana. Owiti aliinamisha kichwa. Wakili wa Serikali alipiga chafya, akasema kwamba watakata rufaa leo hii na kuomba hukumu isimamishwe.

Ukumbini, Waliaula alimshika Adero mkono.

“Saa ngapi?”

“Saa tano na robo.”

“Wakishapata amri ya kusimamisha hukumu, ilani inarudi. Lakini hawajaipata. Sasa hivi, hapa tulipo, hakuna ilani. Elewa, Mama. Chimba.”

Opondo alikuwa ameshafika langoni mwa korti.

Walipofika Kochola walikuta habari imewatangulia kwa simu. Kata ndogo nzima ilikuwa inachimba. Kina Ogola walikuwa wakichimba kisima, jirani yao bwawa la samaki. Mzee mmoja alikuwa amefika kiunoni katikati ya ua wake, na Adero alipomuuliza anachimba nini, alijibu, “Nachimba kwanza, nitajua baadaye.” Udongo uliruka kila upande, na watu ambao hawakuwa wamesemeshana tangu uchaguzi walikuwa wakiazimana majembe.

Shuleni, Ondiek alikuwa amesimama kando ya shimo akiwa na sare kamili, simu mkononi.

“Nimeagizwa ningojee ujumbe,” alisema. “Ukiingia, nasimamisha kila kitu.”

“Na kabla haujaingia?”

Ondiek aliitazama simu. Akautazama mstari wa watoto waliokuwa wakisindikizwa na Mwalimu Nakhungu kwenda kuomba choo kwa jirani, mjukuu wake akiwa wa tatu, miguu imebanana. Akaipachika simu kwenye nguzo ya ua, akavua koti la sare, akashika kamba. Opondo alichimba akiwa na suti yake ya harusi, Ondiek akavuta ndoo, Adero akamwaga udongo. Opondo alitaja futi. Saba. Tisa. Kumi na mbili. Udongo mweusi wa Kano ulikuwa mzito kama ugali, na mara mbili Ondiek aliomba kwa sauti kwamba mtandao upotee.

Saa kumi kasoro dakika kumi, simu ililia. Ondiek aliifuata taratibu sana, akasoma, akarudi kwenye ukingo wa shimo.

“Umeingia,” alisema. “Simama hapohapo.”

Chini, Opondo alikuwa ameinua jembe juu ya kichwa. “Hili lililoko hewani ni la kabla au la baadaye?”

Ondiek alisoma ujumbe tena. “La baadaye. Lishushe polepole.”

Walipopima, zilikuwa futi kumi na tano.

Afisa wa afya alifika Jumatatu na utepe wake. Alisikitika kweli. Alisema shimo ni zuri, kuta zimenyooka, lakini sheria ni ishirini na yeye si mtu wa kubadilisha hesabu. Adero aliketi kwenye benchi la watoto. Kwa mara ya kwanza tangu mafuriko alihisi machozi yanakuja, na hakuyazuia. Alikuwa ameipasua ilani ya Serikali nzima, amewakosea wavuvi, amefungua mlango kwa kampuni kwa nusu siku, na bado alikuwa amepungukiwa futi tano ambazo ilikuwa marufuku kuzigusa.

Opondo alizunguka shimo mara mbili. “Afisa, utepe wako unaanzia wapi?”

“Sakafu ya choo mpaka chini.”

“Na sakafu lazima iwe kwenye ardhi?”

Afisa alifungua kitabu chake, akapekua. Hakuona mahali palipoandikwa hivyo.

Wazazi walileta mawe na saruji, na baada ya siku nne choo kilikuwa kimesimama futi tano juu ya uwanja, kina ngazi ya vipandio kumi na ukingo wa kushikilia. Afisa alipanda, akateremsha utepe, akasoma ishirini na inchi moja. Akapiga muhuri. Watoto walipanda mmojammoja kwa adabu, na wakifika juu walisimama kidogo kutazama mashamba ya mpunga, mpaka Mwalimu Nakhungu akalazimika kuweka zamu.

Wiki iliyofuata Adero alirudi Kondele. Rufaa ilikuwa imepangiwa tarehe ya mwaka ujao, naye alikuwa ameandikwa Mjibu Rufaa wa Kwanza, akiwa upande mmoja na Tandao kama kawaida.

“Nataka kutoa hati ya kiapo,” alimwambia Waliaula. “Ya kuwasaidia kina Owiti. Ilani ya mafuta ibaki. Vyoo tu ndivyo viruhusiwe.”

“Mama, wewe ndiye mjibu rufaa. Huwezi kumsaidia anayekukatia rufaa.”

“Nani amesema?”

Chini, muuzaji wa vipuri aliwasha injini, meza ikatetemeka, na Waliaula akanyanyuka kuiendea rafu ya vitabu vya sheria. Alitafuta katika kitabu cha kwanza. Akatafuta katika cha pili. Adero alingoja, mkoba mapajani. Baada ya kitabu cha nne, wakili aliketi na kuvuta kompyuta karibu.

“Hakuna mahali wamekataza,” alisema, bila kuamini. “Haya, tuanze. Jina lako kamili?”