Kisu Kilichotembezwa Tangini

Shemeji yangu Castory aliijua sheria kama watu wengine wanavyolijua jina la mkubwa fulani: kwa ajili ya kulitaja. Ni mdogo wa mwisho wa mume wangu Sixtus, hana kazi inayoeleweka, na mtaa wetu hapa Tangini, Kibaha, ulipotafuta mtu wa kuongoza ulinzi shirikishi, wenye shughuli zao walikataa, naye akakubali kabla hajaulizwa. Akapewa koti la kung'aa na filimbi. Akahudhuria semina moja, akarudi amekuwa mtu wa kuanza kila sentensi kwa neno "kisheria". Kisheria kuku hawaruhusiwi kuvuka uzio. Kisheria mihogo ya kukaanga iuzwe ikiwa imefunikwa. Nilipojiandikisha katika darasa la kisomo cha watu wazima pale parokiani, alicheka mpaka akapaliwa.

"Shemeji, wewe jifunze kusoma vibao vya mabasi," aliniambia. "Sheria tuachie wenyewe."

Sikumjibu. Ugali uliompalia ulikuwa wangu, na niliona hilo linatosha.

Binti yetu Flora alipopata kipaimara, tuliamua kufanya sherehe siku ya Jumapili, baada ya Misa ya kwanza. Mimi ni mzaliwa wa Chole, kule Kisarawe. Mama yangu alipougua na kulazwa kwa muda mrefu, aliyenilea ni jirani yetu Bi Mwamini. Yeye ni Mwislamu, nasi ni Wakatoliki, lakini kila Jumapili alinipeleka kanisani kwa mkono wake, akakaa nje akisuka ukili mpaka Misa iishe, kisha akanirudisha nyumbani kunilisha. Tangu niolewe huku Kibaha alikuwa hajawahi kula nyumbani kwangu, kwa sababu ya umbali na magoti yake. Safari hii aliahidi kuja. Siku ile sikuwa na haja nyingine yoyote duniani isipokuwa hiyo: Bi Mwamini ale katika nyumba yangu.

Basi nilifuata desturi. Kwetu Mkristo akiwa na shughuli humwita Mwislamu amchinjie, ili sufuria ziwe za watu wote, na asiwepo mgeni wa kukaa pembeni na soda na biskuti wakati wenzake wanakula. Nilimwomba Mzee Pazi, mdogo wake Bi Mwamini, anayechinja katika shughuli zote za Chole. Mzee Pazi hachinji kwa kisu cha mtu mwingine. Kisu chake hukinoa nyumbani kwake siku moja kabla, kwa sababu haoni kuwa ni uungwana kunoa kisu mahali mnyama alipo. Akimaliza kukinoa hukipitisha taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba, kusikiliza kama kina pengo hata dogo. Kisha hukiviringisha katika kipande cha kanga, hukifunga kwa ukili, na hakifunguliwi tena mpaka mnyama awe amelazwa.

Alikuja asubuhi na mapema, peke yake, ili nyama iwahi. Dada yake na wageni wengine wa Chole wangefuata baadaye. Nilitoka kwenda kumpokea barabarani, nikamkuta Castory ameshamsimamisha.

"Mzee, simama hapohapo. Kwenye kikapu una nini?"

"Salamu kwanza, kijana."

"Shikamoo. Kwenye kikapu una nini?"

"Marahaba. Nina korosho, nina mihogo ya Mama Flora, nina msala wangu, na nina kisu changu cha kuchinjia."

"Kisu!" Castory alipuliza filimbi, ingawa aliyekuwa anamkamata alisimama hatua moja mbele yake. "Umekiri mwenyewe!"

"Nimekiri nini? Umeniuliza, nimekujibu."

Nikawafikia. "Castory, huyu ni Mzee Pazi, mchinjaji wetu. Ng'ombe mwenyewe unamjua, jana ulimfunga kamba kwa mikono yako."

"Shemeji, hapa usiniite Castory. Hapa niko kazini. Kisheria ni marufuku raia kutembea na kisu hadharani. Ni silaha."

"Sasa kisu kifikeje kwa ng'ombe?" aliuliza kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria. "Kitembee chenyewe? Au ng'ombe apelekwe Chole?"

Watu wakacheka. Castory hakuweza kuchekwa akaendelea kuwa na akili. Hata hiyo kidogo aliyokuwa nayo ilimtoka. Alichomoa kanga ile chini ya korosho, akaukata ukili kwa meno, mambo ambayo mbuzi angeyafanya kwa adabu zaidi, akakitoa kisu na kukiinua juu.

"Kifunge, mwanangu," Mzee Pazi alimwambia kwa upole. "Kisu hakitembezwi uchi."

"Hiki sasa ni kielelezo. Kielelezo hakifichwi. Twende kituoni!"

Nilimwambia anipe mimi, nikakibebe nimekifunika. Akanijibu kwamba nikikigusa nitaunganishwa kwenye kesi. Nikamkumbusha kwamba Bi Mwamini yuko njiani, na kwamba hawezi kutia tonge kinywani katika nyumba iliyompeleka mdogo wake polisi.

"Tutaita mchinjaji mwingine," alisema. "Mji huu una wachinjaji tele."

Wachinjaji ni kweli walikuwepo. Lakini Castory hakuwa mtu wa kuelewa kwamba mgeni hakatai nyama peke yake. Hukataa pia mkono unaompa.

Tukaandamana. Mbele alikwenda Castory na koti lake la kung'aa, kisu kirefu kikiwa juu ya kichwa chake, akipiga kelele, "Pisheni! Silaha! Pisheni!" Nyuma yake alifuata Mzee Pazi mwenye kanzu safi na kikapu cha korosho, akiwaitikia watu salamu zao. Waliotoka Misa walikimbilia ukutani. Mama mmoja muuza uji aliona kisu kinamjia, akaiacha sufuria yake ikamwagika, akaingia katika duka la dawa na kujifungia. Castory aliona fahari. Alipofika kwenye nguzo ya chuma yenye kibao cha barabara aliipiga kwa kisu, ngaa, ili walio mbali nao wajue kwamba sheria inapita. Niliona Mzee Pazi akifumba macho, kama mtu aliyepigwa yeye.

Kituoni, kwenye kaunta, tulimkuta askari mwanamke, Afande Hamisa. Aliinua uso, akamwona mwanaume anaingia na kisu kilicho wazi, akarudi nyuma na kushika rungu.

"Weka chini hicho kisu! Weka chini!"

"Afande, mimi ni ulinzi shirikishi, nimekamata—"

"Nimesema weka chini!"

Kisu kikawekwa sakafuni. Afande akakiokota, akakiweka upande wake wa kaunta, ndipo akauliza kuna nini. Castory akajieleza kwa kirefu, akitaja kisheria mara nyingi kuliko walei wanavyotaja Amina. Kisha afande akamgeukia Mzee Pazi.

"Shikamoo, mzee. Kisu ni chako?"

"Marahaba, binti yangu. Ni changu. Nimekuja kumchinjia huyu mama, ana shughuli."

"Ulikibebaje?"

"Kwenye kikapu, chini ya korosho, kimeviringishwa kwenye kanga na kufungwa."

"Nani alikifungua?"

Kijana wa bodaboda, aliyetufuata mpaka mlangoni kwa ajili ya starehe tu, alimnyooshea Castory kidole bila kuombwa.

"Sikiliza wewe," Afande Hamisa alimwambia Castory. "Sheria haimkamati mtu kwa kuwa na kisu. Ingekuwa hivyo, nusu ya soko ingelala humu. Inataka kujua mtu amekibeba kwa sababu gani, na amekibeba namna gani. Anayejitokeza hadharani na silaha bila sababu halali, akawatia watu hofu, huyo ndiye tunayemtafuta. Mzee huyu sababu anayo, na kisu chake hakukiona mtu. Sasa wewe niambie: nani leo amewatia watu hofu barabarani?"

"Afande, semina ilisema silaha hadharani—"

"Semina ilisema mpaka mwisho, wewe ulisikia mpaka katikati. Simu nimepigiwa na mwenye duka la dawa. Amesema kuna kichaa wa koti la kung'aa anatembea na kisu."

Kijana wa bodaboda alilazimika kutoka nje ili acheke vizuri.

Afande akakiviringisha kisu katika kanga, akamkabidhi Mzee Pazi kwa mikono miwili. "Mwenye kisu aende akachinje. Mwenye filimbi abaki, tuna maongezi." Kisha akaniuliza mimi, "Mama, huyu ni nani wako?"

"Mdogo wa mume wangu," nilijibu. Nilikuwa na mengi ya kuongeza, lakini mahali pale palikuwa pa serikali.

Tulirudi haraka. Jua lilikuwa limepanda, kuni zilishaanza kuungua bure chini ya sufuria za maji. Ng'ombe alikuwa amelazwa, Sixtus na wenzake wamemshika. Mzee Pazi akakipitisha kisu juu ya ukucha wake. Akasimama. Akakipitisha tena.

"Kina pengo," alisema. "Ile nguzo."

"Mzee, si dogo tu?" Sixtus aliuliza.

"Kwako dogo. Kwa ng'ombe ni mateso, na kwangu ni dhambi. Mfungueni ainuke."

Akaomba jiwe, akaenda nyuma ya nyumba, mbali na mnyama, akaanza kunoa. Hakuharakisha, wala hakuna aliyethubutu kumharakisha. Ndipo gari la wageni wa Chole lilipofika, na Bi Mwamini akashuka akiwa ameshikwa mikono huku na huku. Nikapiga goti, nikamwamkia. Aliitikia, akanishika kichwa, lakini sikio lake lilikuwa kwingine.

"Huyo anayenoa ni nani?"

"Ni Mzee Pazi, bibi."

"Pazi anoe kisu kwenye shughuli ya watu? Tangu lini?" Akanitazama usoni. "Kuna nini, mwanangu?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwepo tayari, rahisi, kwamba kisu kilianguka njiani. Lakini aliyenifundisha kutokudanganya alikuwa ndiye huyohuyo aliyeniuliza. Nikamweleza yote: filimbi, ukili uliokatwa kwa meno, nguzo, polisi. Bi Mwamini hakuketi kwenye kiti nilichomwekea. Alibaki amesimama, akiegemea fimbo yake.

"Mdogo wangu ametembezwa kama mwizi," alisema, "kwa ajili ya nyama nitakayokula mimi. Itanipitaje kooni?"

Wakati huohuo Castory akaingia uani. Filimbi hakuwa nayo; koti alikuwa nalo. Badala ya kupita kimya kama mtu mwenye aibu, alikuja moja kwa moja kwetu, maana hakuwahi kuona kundi la watu akadhani halimsubiri yeye.

"Shikamoo, bibi. Ile ilikuwa hali ya kutoelewana tu. Kisheria—"

"Marahaba," Bi Mwamini alimkatiza. "Wewe ndiye wa sheria?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwenu, mgeni akifika, sheria inasemaje?"

Castory akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Ulikuwa ukimya wake wa kwanza tangu semina.

"Haya, mimi nitakusomea. Kwetu aliyemkosea mgeni humnawisha mikono. Pazi atamaliza kunoa, atachinja, nyama itaiva, nami nitakaa hapa. Ikifika saa ya kula, utachukua birika na beseni, uanze na Pazi, uje kwangu, kisha umnawishe kila aliyetoka Chole. Ukikataa, nanyanyuka na watu wangu, na huyu mwanangu tutaonana siku nyingine."

"Bibi, mimi ni kiongozi wa—"

"Castory," mume wangu alisema kutoka kule kwa ng'ombe. Neno hilo moja tu. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumpenda zaidi.

"Sawa," Castory alisema. Akaanza kuvua koti.

"Aa, hilo usivue," Bi Mwamini alisema, na hapo akaketi. "Tukuone vizuri."

Jioni ilikuwa imekaribia wakati pilau ilipopakuliwa. Castory alipita na birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto na taulo begani, waliokuwa mbali wakimwona kwa mng'ao wa koti. Alimwagia Mzee Pazi maji, na Mzee Pazi, ambaye hakumwambia neno baya tangu asubuhi, alimshukuru. Alipofika kwa Bi Mwamini maji yalimwagika kidogo pembeni.

"Taratibu," Bi Mwamini alimwambia. "Hakuna unayemkamata."

Kisha akakunja upindo wa baibui, akamega pilau pamoja na kipande cha nyama, akala. Nilisimama mbele yake na bakuli la kachumbari nikisahau kulitua. Alitafuna kwa muda mrefu, kwa sababu ya meno yake, akameza.

"Nyama laini," alisema. "Niongeze." Halafu, bila kumtazama Castory, "Na huyo wa sheria, akishamaliza wote, naye mpeni chochote. Mapupu yamebaki?"

Yalikuwa yamebaki.