Ukingo wa Kushoto

Watu wa studio walimwita Mkasi, kwa kazi yake ya kukata picha. Miaka kumi na miwili alikuwa ameketi kwenye kiti kimoja, akikata harusi za watu na kuziunga, na kila harusi iliyopita mikononi mwake ilitoka imenyooka. Shangazi aliyepiga miayo hayumo, bwana harusi aliyekanyaga gauni hayumo. Studio ilikuwa mali ya wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke ambaye neno la sifa lilimtoka kama jino: mpaka ling'olewe.

Wateja sasa walitaka picha za ung'avu wa juu, na mashine zao zilikuwa zimechoka. Basi asubuhi moja mawifi hao wawili wakaenda dukani kuchagua vifaa vipya: kadi ya kunasia video, ile inayoingiza picha za kamera kwenye kompyuta, na skrini ya kuzitazamia wakati wa kuhariri.

Kadi haikuwasumbua. Mkasi alichagua inayonasa picha bila kuibana sana, maana picha iliyobanwa, ukiigusa rangi kidogo tu, inaoza. Mzozo ulikuja kwenye skrini. Muuzaji, bwana mtaratibu mwenye miwani ya kamba shingoni, aliwasha mbili kando kwa kando: televisheni pana ya kumeremeta, na skrini ya kazi, ndogo, iliyonuna.

"Tuchukue kubwa," wifi akasema. "Mteja akiingia aone kitu, si kioo cha kunyolea ndevu."

"Wifi, kubwa inadanganya rangi. Tena inakula kingo za picha."

"Inakula? Ina meno?"

"Ni kweli, mama," muuzaji akaingilia. "Televisheni nyingi huivuta picha kidogo, kingo zikabaki nje. Hii ndogo inaonyesha yote yaliyoingia kwenye kamera. Mna mkanda tujaribu?"

Mkasi alikuwa nao mkobani. Ulikuwa wa harusi yake mwenyewe. Aliuchagua kwa sababu weupe wa shela ile na wekundu wa zulia lile alivijua kama viganja vyake, na rangi unayoijua ndiyo mizani ya skrini usiyoijua. Ila hakuwahi kuutazama kwingine isipokuwa kwenye televisheni ya sebuleni kwao.

Picha ikaanza. Kwenye televisheni, bibi harusi alisimama ukumbini akitengenezwa shela. Kwenye skrini ya kazi alisimama yule yule, lakini kushoto kwake palizidi kipande chembamba cha ukuta, na mlango, na mlangoni mtu.

"Simamisha," Mkasi alisema.

Alikuwa mama yake. Amevaa gauni la bluu lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, kakumbatia furushi. Mkono wa mtu ulikuwa kifuani pake, unamsukuma nje, na mkono huo ulikuwa na bangili tatu pana ambazo hata leo zilikuwa zinagongana mkononi mwa wifi pale kaunta.

Siku ile Mkasi aliambiwa mama yako hakuja. Akaapa, kama mama kamdharau mbele ya wakwe, basi na yeye hana mama. Miaka mitano hawakusemeshana. Mwaka wa sita alikwenda kumzika.

"Wifi. Huyu ni nani?"

Wifi alisogea, akatazama bila haraka. "Unamjua. Alikuja na kandambili, ananuka sabuni ya kufulia nguo za watu. Ukumbi umejaa watu wazito. Nikamwambia arudi akabadilishe."

"Uliniambia hakuja!"

"Na ukaamini upesi. Mimi nilisema neno moja tu, wifi. Ile miaka mitano ya kununa, ulinuna mwenyewe."

Muuzaji akashika kitambaa, akaanza kufuta kioo kisicho na vumbi.

"Kaka, tufungie hiyo ndogo," wifi akamwambia. "Kweli inaonyesha vizuri."

Mkasi aliirudisha picha, akairekodi sehemu ile yote kwa simu yake, akatoka bila kuaga. Njiani alimpigia mumewe.

"Ulijua kuwa mama alikuja?"

"Dada alinikataza kusema. Sasa hayo si yalishapita?"

Akakata. Hakwenda nyumbani, alikwenda kwa mama mdogo, ambaye tangu mazishi hakuwa amekanyaga kwake wala kupokea simu yake. Alimkuta barazani kwenye cherehani, pini mdomoni. Mkasi alipiga magoti hata kabla ya kusalimu.

"Mama mdogo, sikujua kama alikuja. Nimepata ushahidi. Tazama mwenyewe."

Mama mdogo akatoa pini, akaipokea simu, akaisogeza mbali na macho. Alitazama mpaka mwisho.

"Rudisha nyuma."

Mkasi akarudisha. Mama mlangoni aliinua mkono kupunga. Hapo hapo bibi harusi katikati ya picha akageuza uso kushoto, kule kule mlangoni, akatazama, akacheka, akageuka tena.

"Pale kando ya mlango alisimama mpiga picha za mnato," Mkasi alisema mbio mbio. "Aliniita. Mwanga wa kamera yake ulinipofua, sikuona kitu. Nakuapia."

"Simwoni mpiga picha hapa."

"Yuko nje ya picha, mama mdogo."

"Dada yangu aliniambia hivi hivi. Kwamba alisukumwa, akakupungia, ukamtazama, ukacheka, ukampa mgongo. Mimi nilimbishia. Miaka yote nilimwambia, dada, umri umekuingia machoni, mtoto hakukuona." Akamrudishia simu. "Alikufa nikimbishia. Kumbe alikuwa anasema kweli."

"Mama mdogo, nisikilize..."

"Ni wewe umesema nitazame. Nimetazama, na picha yako ni safi, kila kitu kinaonekana."

Akarudisha pini mdomoni, akainamia kitambaa, na mguu wake ukaanza kukanyaga cherehani.