Dawa ya Kuotesha Nyama

Nyumba ya Scolastika pale Kambarage haikuwahi kukosa watu, na tangu aanze kuugua mguu watu walizidi kumiminika. Wengine walikuja kumpa pole, wengine walifuata habari tu, maana habari yoyote ya Shinyanga mjini, iwe ya mume aliyefumaniwa au ya mwalimu wa kwaya aliyenuniana na wanakwaya wake, ilikuwa lazima ipite kwenye kochi lake kabla haijaenda kulala. Lakini mwaka ule, mvua za Elnino zilipokwisha kubomoa vyoo vya watu, habari kubwa kuliko zote ilikuwa kidonda chake mwenyewe.

Kilikuwa chini ya unyayo wa kulia, kwenye ile nyama iliyo nyuma ya kidole gumba. Msumari ulitoboa katambuga yake ya tairi sokoni, naye akazunguka nao kutwa nzima bila habari, kwa sababu kisukari kilishaitia ganzi miguu yake. Jioni alipovua ndipo akaukuta. Akapaka asali, akapaka unga wa penisilini, akabandika majani aliyoletewa na kila mwenye majani. Kidonda kikakaa wazi kama mdomo wa mtu anayeshangaa. Daktari wa misheni alimwambia waziwazi kwamba kisipofunga kitaufikia mfupa, na kikiufikia mfupa watakata.

Aliyemtoa kwenye hofu hiyo ni Kantaben, mama wa Kihindi mwenye duka la vitenge ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Hemal. Urafiki wao ulikuwa wa siku nyingi. Umbea wa upande wa Wahindi uliingia kwa Scolastika, wa upande wa Waswahili ukaingia dukani, na kila mmoja alijiona amepata faida. Hemal, kijana wa Kantaben, alikuwa anasomea ufamasia Marekani. Alipokuja nyumbani kwa harusi ya ndugu yao alibeba kichupa cha jeli ndani ya barafu, kwa kuwa mama yake alikuwa amemsumbua kwa simu mpaka akachoka.

Kijana alieleza kwamba hii si dawa ya kuua wadudu. Ni ya ukoo wa peptidi, alisema, vipande vya protini vilivyotengenezwa kufanana na vile ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe ukiumia. Kazi yake ni kuziita seli zije kidondani na kuziambia zianze kujenga. Wanawake waliojaa sebuleni walisikiliza kwa adabu, na kabla jua halijazama mtaa ulikwisha kuipa jina: dawa ya kuotesha nyama.

Ilikuwa na masharti. Ikae kwenye friji, na friji ilikuwa kwa Kantaben. Tena daktari, alipoisoma karatasi yake na kufurahi, aliongeza la kwake: asikanyage. Nyama inayoota ni changa kama ya mtoto mchanga, akiikanyaga ameiua, na usaha ukianza hakuna jeli itakayosaidia.

Basi kila asubuhi Kantaben alivuka barabara na chupa ya barafu, akaosha kidonda, akapaka jeli nyembamba kwa kijiti, akafunika kwa shashi yenye unyevu. Na kila asubuhi aliuliza kama mgonjwa alikanyaga.

"Sijakanyaga hata mende, Mama Hemal," Scolastika alimjibu. "Wananipita hapa wananidharau."

Alishika sharti kama kiapo. Alitembelea magongo, chooni alishikwa na binti yake Asteria, na wageni aliwapokea juu ya kochi, mguu kwenye mto. Walipoingia wazee alitaka kushuka apige magoti kama mwanamke wa Kisukuma anavyotakiwa, wao wakamzuia, wakasema abaki hapo hapo. Naye alibaki, akawaamkia ameinamisha kichwa, kisha akawauliza habari za mtaani kwao.

Na nyama ikaota. Lile shimo lililomeza kizibo cha soda likawa halimezi hata punje ya choroko. Pembeni ngozi ilikuja taratibu, ya waridi, laini, mpaka Kantaben siku moja akaweka kijiti chini akafuta macho kwa ncha ya sari.

Ndipo akaja Mzee Maige.

Huyu alikuwa baba mkwe wake, na kwa Scolastika lilikuwa jambo pekee duniani ambalo halikufanyiwa utani. Mumewe, Bujiku, aliondoka kwenda kutafuta dhahabu upande wa Geita, na huko Nyarugusu magogo yaliyoshikilia kuta za shimo yakalegea, kifusi kikamfunika. Walimrudisha Songwa kwa wazazi wake kumzika. Pale msibani, mbele ya ukoo wote, Mzee Maige alisema kwamba mwanamke huyu wa mjini ndiye aliyemla mwanawe kwa kupenda vitu. Scolastika aliondoka matanga hayajaanuliwa, Asteria mdogo mgongoni. Tangu siku hiyo hawakupata salamu. Bibi yake Asteria alipofariki walisikia kwa watu, ameshazikwa.

Mzee alibisha hodi alasiri, nyumba imejaa wanawake. Wakamtambua, vicheko vikakatika. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, amekonda kuliko Scolastika alivyomkumbuka. Alikuwa amesikia kwa abiria wa basi kwamba mkwewe anataka kukatwa mguu.

"Mwadila, ng'wana wane," alisema.

Salamu ya kawaida ya jioni, kila Msukuma anaijua. Ila alimwita mwanangu.

Scolastika alikuwa ameshuka kwenye kochi kabla hajajua anashuka. Mwanamke mmoja alimnong'oneza habari ya mguu, akampungia mkono anyamaze. Akilini alikuwa na jibu tayari: daktari alisema asikanyage, na kupiga magoti si kukanyaga. Akapiga magoti, vidole vya miguu vimekunjwa sakafuni, na mwili wake wote, ambao haukuwa mdogo, ukakaa juu ya ile nyama ya waridi. Hakusikia maumivu yoyote.

Salamu za kwao ni ndefu. Mzee aliuliza hali ya nyumba, ya mtoto, ya mvua, naye akajibu mhola, mhola, salama. Kisha Mzee akaanza kusema alichokijia. Alisema kwamba msibani alitamka neno, neno hilo halijamwacha alale, na kwamba Bujiku alikwenda shimoni kwa akili zake mwenyewe. Alisema polepole, akisimama njiani kumeza mate. Scolastika hakuinuka. Nani ainuke wakati baba wa mumewe anamwomba msamaha?

Asteria alipokuja kumshika mkono, shashi ilikuwa nyekundu yote.

Mambo yalienda mbio baada ya hapo. Ikaja harufu, ikaja homa, kidole gumba kikawa cheusi. Jeli ilibaki nusu kwenye friji, katikati ya maziwa na achari, na Kantaben hakuwa na pa kuipaka. Alimfuata Scolastika wodini akiwa na hasira iliyochanganyika na kilio.

"Ulishindwa nini kumwambia mzee una mguu mbovu? Yeye angekasirika?"

"Asingekasirika," Scolastika alisema. "Angesema nibaki juu. Lakini mimi nimengoja miaka yote hiyo aniite mtoto, Mama Hemal. Nimwitikie nimelala?"

 Kantaben alimshika ule mguu juu ya shuka, kama mtu anayeushikia mwenzake mzigo, mpaka walipokuja kumchukua.

Walikata chini ya goti. Mzee Maige hakuambiwa na mtu sababu, ila Shinyanga hakuna kisichosikika, akasikia kila kitu. Alikuwa amekaa nje ya wodi muuguzi alipotoka kuuliza ndugu watauzika wapi mguu. Asteria alimtazama Kantaben, Kantaben akatazama chini.

"Huo ni wa kwetu," Mzee alisema. Akaenda kununua shuka nyeupe, mpya.

Asteria aliporudi kutoka Songwa alimkuta mama yake ameinuliwa kwenye mito, anamngoja. Scolastika aliuliza kama watu walikuwepo. Binti akasema walikuwepo, ukoo mzima. Kaburi dogo limechimbwa ubavuni mwa baba. Mama akataka kujua nani alisimama wapi, shangazi gani alikuja na gani alituma udhuru, nani alilia na nani alijifanya. Asteria akamweleza yote.

"Na mimi walinitaja nani?"

"Babu alisema, huu ni mguu wa mke wa Bujiku."

Scolastika alitazama shuka, pale ilipokuwa imelala bapa. Kisha akamwambia Asteria aanze tena tangu mwanzo, asiruke mtu.