Umeme wa Kwa Mama Povu

Huko chini ya mwamba, kwenye mji ambao anga lake ni jiwe, mtoto hafundishwi kwanza kusalimia wakubwa. Anafundishwa hivi: mtaa wenye giza huzibwa. Taa zikizimika, waashi wanakuja na matofali, wanajenga ukuta mdomoni mwa mtaa, na waliokaa humo wanatawanywa kama mchele uliomwagika. Na taa zote zilikuwa mali ya Bwana Taa. Akikupenda, unawaka. Akikuchukia, shauri yako.

Mtaa wa Chini aliuchukia. Alishaukatia umeme, na siku tunayoisimulia waashi wangefika kengele ya mchana ikilia.

Mama Povu, dobi wa mtaa, hakuwa tayari kutawanywa. Nyumba yake haikujua upweke: mawifi, mashemeji, wajukuu, na majirani waliokuja kuazima chumvi mwaka juzi na hawajaondoka bado. "Nikilala mahali penye nafasi ya kujinyoosha," alikuwa akisema, "naota mabaya." Kumtenga na watu wake ilikuwa sawa na kumzika.

Ndiyo maana nyuma ya pazia la chumba cha kupigia pasi kulikuwa na mtambo.

Sakafu ya chumba kile ilikuwa na ufa uliotoa pumzi ya moto. Watu walisema chini ya mji amelala mnyama mkubwa. Hakuna aliyemwona, ila nguo zilikauka upesi, basi nani alalamike? Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi vyuma, jitu refu la maneno machache, alifunga gurudumu juu ya ufa, akaliunganisha na sumaku na nyaya za shaba, na ufa akauziba nusu kwa jiwe. Umeme ungepita mbele ya macho ya kila mtu: kamba za kuanikia nguo zilizovuka mtaa dirisha hadi dirisha zilikuwa shaba tupu iliyovikwa kitambaa. Askari wa Bwana Taa walipita chini yake kila siku wakikwepa matone ya soksi. Kila nyumba iliiacha ncha ya waya bila kuifunga kwenye balbu, taa isije ikawaka mapema ikawaumbua.

Tabu ilikuwa kelele, maana gurudumu lilinguruma. Dawa yake waliipata bila kuhangaika: umbea. Mtambo ukizunguka, wafuaji walipiga soga kwa zamu, wakacheka, wakabishana, na aliyepita nje alisikia kelele za kwa dobi tu.

Asubuhi ile, watu wakifua kwa mwanga wa vibatari, Shemeji alikuwa akilijaribu gurudumu polepole, pazia limefungwa, mara akaingia mkaguzi wa Bwana Taa, nyundo kiunoni. Walimwita Pua, kwa vile aliitanguliza kila mahali. Akavuta kigoda, akakaa.

"Nawasubiri waashi. Endeleeni na kazi."

"Karibu, mwanangu," akasema Mama Povu. "Jamani, semeni kitu, mgeni asidhani tumefiwa!"

Wakasema. Wakamsema muuza sabuni, wakamsema na mkwe wa muuza sabuni. Kisha Wifi, dada wa marehemu mume wa Mama Povu, mwanamke aliyeweza kukusimulia harusi ambayo hakualikwa, akaweka shuka chini.

"Nyie mnajua kwa nini mke wa Bwana Taa kahamia chumba cha jikoni?"

"Kwa nini?"

"Subirini. Bwana mwenyewe, huyo mwenye taa zake," akashusha sauti, "usiku, akivua kilemba..."

Hapo likatokea kosa ambalo watu wa nyumba ile tu ndio wangeweza kulifanya. Wote walinyamaza. Mikono ikatulia kwenye mapovu, shingo zikarefuka, hata Pua akasogeza kigoda. Umbea ulikuwa mtamu mno.

Na ndani ya ukimya ule, nyuma ya pazia: ngrrr, ngrrr, ngrrr.

"Nini hicho?" akauliza Pua.

"Tumbo langu," Wifi akajibu. "Tangu jana sijala."

"Tumbo lako linatikisa ndoo, mama?"

Kweli, maji yalikuwa yanacheza ndani ya ndoo. Pua akainuka. Mama Povu akajua: pazia likifunuliwa, nyundo ya mkaguzi itashuka juu ya gurudumu, kisha matofali. Hakungoja. Akatoa kichwa dirishani, akapiga ukelele kwa neno walilopatana mtaa mzima liwe ishara ya kufunga balbu:

"Anueni nguo! Mvua inakuja!"

"Mvua?" Pua akaduwaa. Chini ya mwamba neno hilo lilikuwa la hadithi tu. "Mvua gani?"

Pua akiwa bado ameduwaa, Mama Povu alishaingia nyuma ya pazia. "Shemeji, fungua ufa wote!"

"Hawajamaliza kufunga balbu. Umeme ukikosa pa kwenda, gurudumu litapasuka na sisi. Kaka nitamwambia nini huko ahera?"

"Mwambie tumeondoka nyumba imejaa. Shika jiwe!"

Wakalisukuma lile jiwe la kuzibia. Pumzi ikapanda kwa kishindo, gurudumu likapiga yowe, ukanda ukatoa moshi. Mlangoni Pua alikuwa ameinua nyundo, lakini Wifi alining'inia mkono huu na muuza sabuni, aliyesikia anasemwa akaja kudai heshima yake, mkono ule. Gurudumu likayumba. Likatetemeka. Kisha likatulia, likaanza kuimba, kwa maana huko nje umeme ulikuwa umepata pa kwenda.

Dirisha moja likawaka. Likafuata la jirani, na la jirani yake, mwanga ukakimbia juu ya kamba mpaka mashuka yenyewe yakang'aa kama mabawa ya malaika. Watoto walikimbizana na vivuli vyao. Kengele ya mchana ilikuwa ikilia, na mwisho wa mtaa walisimama waashi, matofali mabegani, macho wameyafinya.

"Jengeni!" Pua alitoka akifoka. "Taa hizi si za Bwana Taa!"

Mwashi mkuu akamtazama kwa utulivu. "Sheria inasema mtaa wenye giza. Haisemi taa ya nani. Na mimi hapa naona mpaka vinyweleo vya pua yako, mzee."

Akatua tofali chini, akalikalia. Wenzake nao wakatua. Mtaa ukalipuka kwa vigelegele.

Mama Povu alisimama kizingitini, uso mweusi kwa masizi, analia na kucheka kwa pamoja. Ng'ambo ya pili, mtaa wa jirani uliokuwa ukiwaka kwa kumwombaomba Bwana Taa, madirisha yalifunguka.

"Dobi!" mama mmoja akaita. "Hiyo kamba yako inafika huku?"

"Ikipungua tutaunga, dada! Rusha ncha ya kamba yako!"

Kamba ikapaa juu ya vichwa vya watu. Mama Povu akaidaka.